Besi Iliyozidi katika Fazi ya Gitaa

(Somo la ufundi kwa watu wazima, kama lilivyotolewa katika redio. Wasemaji ni Mwalimu na kijana mpiga gitaa.)

MWALIMU: Wale mlio katika vikundi vya kusikiliza, yafaa mmoja wenu ashike kalamu na karatasi, maana leo tutakuwa na hesabu kidogo, na namba za redioni zikipita hazirudi. Leo sipo peke yangu. Ninaye hapa kijana mmoja mpiga gitaa wa bendi ya dansi. Amekuja na gitaa lake na kisanduku kidogo cha chuma, na uso wake hauna furaha. Karibu, bwana mdogo.

KIJANA: Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba. Haya, waeleze wasikilizaji jambo lililokuleta.

KIJANA: Mwalimu, ni hiki kisanduku cha fazi. Niliweka akiba miezi mingi hata nikakipata kwa fundi mmoja. Nyumbani nikipiga peke yangu sauti yake ni nene, yajaza chumba. Lakini nikienda kupiga na wenzangu, yote yageuka uji. Nyuzi nyembamba hazisikiki, na nyuzi nene zanguruma tu. Mwenzangu wa gitaa la besi amesema mbele ya watu kwamba Jumamosi, katika arusi tuliyoalikwa, ama kisanduku kibaki nyumbani, ama nibaki mimi. Na kiongozi wetu hakumkataza.

MWALIMU: Basi tuna siku chache. Wasikilizaji, kwanza niseme fazi ni nini, kwa ajili ya wale wasioijua. Ni kifaa kinachokaa sakafuni kati ya gitaa la umeme na amplifaya. Mpigaji akikikanyaga, sauti ya gitaa hukwaruza na kuvuma kama nyuki waliochokozwa. Cha kwanza kujulikana sana kiliuzwa Marekani mwaka 1962, kikiitwa Maestro Fuzz-Tone, na wengi walikisikia mwaka 1965 katika wimbo mmoja mashuhuri wa Rolling Stones wa Uingereza. Mwaka 1966 huko London kikatoka kingine, cha duara kama kitako cha stendi ya maikrofoni, kikaitwa Fuzz Face. Ndicho alichokuwa akikikanyaga Jimi Hendrix. Hata jirani zetu wa Zambia, katika miaka ya 1970, bendi zao kama WITCH na Amanaz zilipiga fazi kwa bidii kubwa. Kwa hiyo kijana huyu hakuleta mchezo wa kitoto.

Kisanduku chake kimetengenezwa kwa mfano wa Fuzz Face, nami napenda mfano huo kwa sababu hauna mambo mengi. Ndani yake mna transista mbili, rezista nne, kapasita tatu, na vifundo viwili vya kugeuza, basi. Vitu kumi na kimoja. Mtu aliyezoea kutengeneza redio atavihesabu kwa kutazama mara moja.

KIJANA: Lakini Mwalimu, kabla hatujafungua, mimi nimekwisha jaribu dawa. Nimepunguza besi katika amplifaya mpaka mwisho. Haikusaidia. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini uji ulikuwa uji ule ule.

MWALIMU: Ahsante! Hapo ndipo penye kiini cha somo letu, na ningeomba kila msikilizaji akae hapo kidogo. Mama akisonga ugali, unga huuchekecha lini?

KIJANA: Kabla ya kuutia katika maji.

MWALIMU: Na madonge yakiisha kuingia sufuriani, akilileta chekeche litamfaa nini? Amplifaya yako iko baada ya fazi. Unapopunguza besi pale, madonge yamekwisha fanyika. Hebu tuone yanafanyikaje.

Uzi wa gitaa ukitetemeka, umeme mdogo hupanda na kushuka kama mawimbi. Uzi mnene wa juu kabisa, yaani uzi wa E, hutetemeka mara 82 kwa sekunde. Uzi mwembamba wa mwisho hutetemeka mara 330. Sasa fikirini mawimbi ya bahari siku ya upepo wa kusi. Yako mawimbi makubwa yaendayo polepole, na juu ya mgongo wa kila wimbi kubwa viko viwimbi vidogo vinavyokwenda mbio. Wimbi kubwa ni besi. Viwimbi ni sauti za nyuzi nyembamba. Katika gitaa aghalabu hivyo ndivyo ilivyo: uzi mnene hutoa umeme mwingi kuliko uzi mwembamba.

Transista za fazi hukuza mawimbi hayo mara nyingi mno. Lakini betri yetu ni ya volti 9 tu, na umeme wa ndani hauwezi kupanda kupita dari hilo, wala kushuka chini ya sakafu. Wimbi likifika darini hukatwa kichwa, likawa bapa. Huko kukatwa kichwa ndiko kunakoleta mkwaruzo tunaoupenda. Hakuna ubaya. Ubaya waja pale wimbi kubwa la besi linapobanwa darini na viwimbi vikiwa juu ya mgongo wake. Navyo vitakwenda wapi? Vimesagwa. Vyapotea mpaka wimbi kubwa lianze kushuka, kisha vyaonekana kidogo, kisha vyasagwa tena sakafuni. Hivyo sauti ya uzi mwembamba hukatwakatwa kila mara uzi mnene unapopanda na kushuka. Sikio halisikii noti tena, lasikia kugugumia.

Iko na hila ya pili. Sauti mbili zikiingia pamoja katika kifaa kinachokata vichwa, hutoka na sauti nyingine ambazo hakuna aliyezipiga. Mojawapo ni tofauti ya zile mbili. Piga uzi wa E mnene pamoja na noti ya B iliyo juu yake. E ni 82, B ni kama 123. Toa moja katika nyingine.

KIJANA: Arobaini na moja.

MWALIMU: Na uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutetemeka mara ngapi?

KIJANA: Sijui, Mwalimu.

MWALIMU: Arobaini na moja. Wewe unapiga gitaa lako, na kisanduku chako kinapiga gitaa la mwenzako! Ndiyo maana amekasirika. Nyumbani hamna mtu wa besi, ndipo ukaona sauti ni nene na tamu. Katika bendi pale chini pana mwenyewe.

Kwa hiyo kazi yetu ni kupunguza besi kabla haijaingia katika transista ya kwanza. Na kwa bahati, mlangoni pa Fuzz Face pamekaa kitu ambacho kazi yake yafanana na hiyo. Ni kapasita. Imewekwa pale ili kuzuia umeme wa betri usirudi katika gitaa, na kupitisha umeme unaopanda na kushuka. Lakini kapasita haipitishi yote sawasawa. Mitetemo ya haraka hupita kwa urahisi, ya polepole hupata taabu. Kapasita ikiwa kubwa, hata ya polepole hupita. Ikiwa ndogo, ya polepole hubaki nje.

Kapasita ya mlangoni katika Fuzz Face ni ya maikrofaradi 2.2. Je, hiyo ni kubwa au ndogo? Hapa ndipo kalamu inapotakiwa. Andikeni: 160, gawanya kwa kilo-omu, gawanya tena kwa maikrofaradi. Jibu ni idadi ya mitetemo kwa sekunde ambapo kapasita huanza kupunguza. Hizo kilo-omu ni ukinzani ambao umeme wa gitaa unaukuta mlangoni. Katika kifaa hiki ni mdogo; kwa hesabu yetu tuchukue 10. Haya, bwana mdogo, kapasita ya 2.2.

KIJANA: 160 kwa 10 ni 16. 16 kwa 2.2... ni saba na kitu.

MWALIMU: Saba. Uzi wako mnene ni 82, na kapasita haianzi kuzuia mpaka saba! Huo si mlango, ni uwanja. Hata kishindo cha kidole chako juu ya mbao za gitaa chaingia. Sasa weka kapasita ya 0.1.

KIJANA: 160 kwa 10 ni 16, 16 kwa 0.1 ni 160.

MWALIMU: Vema. Sasa kuanzia 160 kushuka chini, besi yapungua polepole. Haikatwi kama kwa panga, la, ni kama mteremko. Kwa kapasita hiyo uzi wa E mnene utaingia kwa nguvu iliyo chini kidogo ya nusu ya ile ya kwanza, na uzi mwembamba utaingia na sehemu tisa katika kumi za nguvu yake. Ukiweka 0.22, hesabu yatoa 73 hivi, na uzi mnene waingia na robo tatu. Ukiweka 0.047, yatoa 340, na uzi mnene haupati hata robo.

Namba hizo ni za kutuongoza tu. Ukinzani wa mlangoni hubadilika ukigeuza kifundo cha fazi, na waya wa ndani ya gitaa lenyewe una ukinzani wake unaoongezeka juu ya ule, basi katika kisanduku cha kweli besi itabaki nyingi kidogo kuliko hesabu isemavyo. Sikio ndilo litakaloamua. Kwa hiyo tusilehemu kitu bado. Nimekuja na waya fupi zenye vibanio ncha zote mbili, na kapasita tatu. Tufungue kisanduku. Betri kwanza itoke.

(Sauti ya bisibisi.)

Wasikilizaji, hapa nasema neno la tahadhari. Kifaa hiki ni cha betri ya volti 9, hakina hatari. Lakini msije mkafungua amplifaya kwa sababu mmesikia nasi tumefungua kitu. Ndani ya amplifaya, hata ukiwa umechomoa waya ukutani, kapasita kubwa huweza kushika umeme wa kuua. Huko waachieni mafundi.

Sasa naona waya unaotoka katika swichi ya kukanyaga kwenda mlangoni pa ubao. Kitu cha kwanza unachokikuta ni kapasita, kipipa kidogo kilichoandikwa 2.2. Fundi mwingine angekitoa na kutia kidogo mahali pake. Mimi sitaki kukitoa. Kapasita mbili zikifuatana katika njia moja, jumla yake huwa ndogo kuliko ile ndogo. Tukiweka 0.1 mbele ya 2.2, zote mbili pamoja ni kama 0.096. Hiyo na 0.1 ni mtu na ndugu yake. Basi kapasita ya asili ikae palepale, sisi tukate waya huu mmoja tu, na kati ya ncha zake tuweke yetu. Kijana akichukia kazi yangu, ataunganisha waya wake na kisanduku kitakuwa kama kilivyozaliwa.

Faida nyingine: kipipa cha 2.2 kina upande wa kujumlisha na upande wa kutoa, na aghalabu anayekibadilisha hukigeuza. Kapasita ndogo za namna hii, za plastiki, hazina upande.

(Betri yarudishwa. Gitaa lapigwa: kwanza bila kapasita mpya, kisha na 0.047.)

KIJANA: Hapana, Mwalimu. Hii ni mbu ndani ya kopo.

MWALIMU: Kweli. Besi imekwenda, na unene wa fazi umekwenda nayo. Wako wapigaji wanaoitaka sauti hiyo kwa wimbo mmoja, lakini si kwa usiku mzima. Jaribu 0.22.

(Gitaa lapigwa.)

KIJANA: Hapa kidogo afadhali, ila nikipiga nyuzi mbili bado yaguguma.

MWALIMU: Na 0.1. Piga zile E na B, kisha ruka kwenye nyuzi nyembamba.

(Gitaa lapigwa.)

KIJANA: Ah! Sasa zasikika zote mbili. Na uzi mwembamba hauzami.

MWALIMU: Wasikilizaji mmesikia wenyewe, ingawa spika za redio nyingi ni ndogo na besi haionekani sana humo. Lakini kijana, niambie kweli, unajuta kitu?

KIJANA: Nikipiga peke yangu, naona kama nimenyang'anywa kidogo.

MWALIMU: Nilijua. Ndiyo sababu sikutoa kapasita ya zamani. Tutaweka swichi ndogo ya kidole ubavuni mwa kisanduku, waya wake mmoja upande huu wa 0.1, na mwingine upande ule. Swichi ikifungwa, umeme unaipita 0.1 kando, nawe unapata besi yako yote ya nyumbani. Ikifunguliwa, una sauti ya bendi. Na pamoja na swichi, weka rezista ya mega-omu moja, nayo vivyo hivyo kutoka upande huu wa kapasita hadi upande ule. Kazi yake ni kupitisha ule umeme kidogo unaovuja na kujilimbikiza kati ya kapasita mbili. Usipoiweka, kila ukigusa swichi spika itapiga kishindo kama mlango uliopigwa na upepo, nanyi mko arusini.

Akitaka kipimo badala ya mambo mawili tu, aweke mahali pa swichi kifundo cha kugeuza cha kilo-omu 50. Kikiwa sifuri, besi yote. Kikigeuzwa mwisho, besi hupungua polepole hadi karibu na ile ya 0.1. Kwa kifundo rezista ya mega-omu haina haja. Mimi kwa mpigaji wa jukwaani napendelea swichi. Gizani, na watu wanacheza, kifundo hugeuzwa kwa kubahatisha.

KIJANA: Fundi mwingine aliniambia nibadilishe kapasita ya mwisho, ile ya kutokea.

MWALIMU: Ile ya 0.01. Ukiipunguza, besi itapungua, ndiyo, lakini iko baada ya transista zote mbili. Unakumbuka chekeche. Yafaa kwa mtu ambaye fazi yake ni safi ila ni nzito kidogo. Na kuna ile kubwa ya 20 iliyoungana na kifundo cha fazi. Wako waipunguzao ili transista ya pili isikuze besi sana. Nayo hufanya kazi, lakini nguvu yake hutegemea kifundo kimegeuzwa wapi. Anza mlangoni.

Sasa kulehemu. Chuma kiwe cha moto wa kutosha, ncha iwe safi, na ushike kwa muda wa pumzi moja, usikae ukichoma. Sisi leo hatugusi transista, na nashukuru. Miaka iliyopita nilikuwa na fazi ya zamani yenye transista za jemaniamu, nikataka kubadilisha kitu kilicho karibu nazo. Nilikuwa na haraka, simu yaita, chuma kimekaa juu ya mguu wa transista. Nilipowasha, sauti ilikuwa kama mtu akaangaye samaki, na haikunyamaza tena. Transista za namna ile si rahisi kuzipata, wala mbili hazifanani. Tangu siku hiyo nikilehemu karibu na transista naubana mguu wake kwa koleo ndogo, moto uishie kwenye koleo.

Na nyinyi mlio na za jemaniamu, tazameni pia namna betri ilivyofungwa. Katika vingi vya aina hiyo upande wa kujumlisha ndio uliofungwa kwenye bodi. Kazi yetu ya leo haibadiliki hata kidogo, maana kapasita yetu haina upande. Lakini kisanduku hicho msikilishe kwa waya mmoja wa umeme pamoja na visanduku vingine, mtaunganisha kujumlisha na kutoa.

Mahitaji ni haya, andikeni: kapasita ya plastiki ya maikrofaradi 0.1, moja, rezista ya mega-omu moja, moja, swichi ndogo ya njia mbili, wazi na funga, waya kiasi cha shibiri. Redio mbovu ya transista yaweza kukupa kapasita na rezista bure. Kabla ya kutoboa bati la kisanduku, funga swichi ikiwa nje, hakikisha mahali ilipo pana nafasi ya betri. Wengi hutoboa kwanza, kisha betri haiingii.

KIJANA: Mwalimu, na bado nikipiga nyuzi zote sita kwa pamoja, yaguguma kidogo.

MWALIMU: Itaguguma. Nyuzi sita ni tofauti nyingi za kutoa, na nyingine hazilingani na wimbo hata kidogo. Kapasita haiwezi kuondoa hilo, yapunguza tu. Katika fazi piga uzi mmoja au miwili, na nyuzi sita uzipige fazi ikiwa imezimwa. Tena rudisha besi ya amplifaya yako mahali pake pa kawaida. Uliishusha mpaka mwisho, sasa itakuwa nyembamba mara mbili. Na siku ya mazoezi, kabla ya Jumamosi, mwite mwenzako wa besi asimame mbele, mbali na jukwaa, asikilize swichi ikiwa wazi na ikiwa imefungwa. Yeye ndiye achague. Usimwambie ipi ni ipi.

KIJANA: Na akichagua ile ya besi nyingi?

MWALIMU: Basi nitakurudishia nauli yako ya kuja hapa. Haya, shika chuma, kimekwisha pata moto. Wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Katika somo lijalo tutatazama kwa nini amplifaya huvuma hata kabla gitaa halijaguswa, na namna ya kuutafuta waya wenye kosa. Kwa herini.